Rudi kwa Njia Uliyojia: Mwongozo Kamili wa Kufuta Kauli Uliyokwisha Kuitoa

Desemba moja, siku moja baada ya Krismasi, nilisimama kwenye kikao cha ukoo wetu huku Kibosho, Kilimanjaro, nikasema kwamba kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hakigawiwi kwa mabinti. Maneno yangu yalikuwa haya: "Dada zetu wana vihamba kwa waume zao. Hapa hawana hata mgomba mmoja." Tulikuwa zaidi ya watu 30 pale uani. Mimi ni mtoto wa kwanza na baba alikwisha kufariki, kwa hiyo nilichosema kilipokewa kama uamuzi. Wanaume wakapiga makofi, katibu akaandika. Dada yangu anayenifuata alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko. Akainuka, akaingia ndani kumgeuza mama kitandani.

Miaka mitatu baadaye nilisimama uani pale pale nikaifuta kauli hiyo. Katikati nilijaribu kila njia ya mkato. Nilikaa kimya nikitumaini watu watasahau. Nilimnong'oneza dada kwamba tutaona baadaye. Ndugu wengine niliwaambia hawakunielewa. Hakuna hata moja iliyosaidia, na kila moja ilimsogeza dada mbali zaidi nami. Tangu hapo nimekaa kwenye usuluhishi mara kadhaa, kwenye chama chetu cha msingi cha kahawa na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na nimewaona watu wema wakirudia makosa yale yale. Haya hapa ndiyo ninayowaambia.

Wengi wanaokwama wameshikwa na methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naiheshimu, lakini inahusu kazi uliyoianza kwa akili timamu. Haimlazimishi mtu aliyeona mamba mtoni aendelee kuingia. Kwa jambo letu wazee wameacha nyingine inayofaa zaidi: muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kuchutama kuna namna yake, na ndiyo hiyo nitakayoieleza.

Hatua ya 1: Andika ulichosema, neno kwa neno

Chukua karatasi uandike kilichotoka mdomoni mwako. Usiandike ulichokusudia. Kama kulikuwa na kikao, mwendee katibu uombe kusoma muhtasari. Kama ulituma sauti kwenye simu, isikilize mpaka mwisho.

Nilipofanya hivi nilishtuka. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakumbuka kwamba nilisema "tusubiri kwanza kuhusu mabinti." Kitabu cha katibu kilisema hawana hata mgomba mmoja. Kumbukumbu ilikuwa imenilainishia maneno bila mimi kujua, ilhali aliyeambiwa aliyakumbuka yalivyokuwa. Ukienda kufuta kauli ambayo hukuisema, ile uliyoisema inabaki palepale.

Ukishaandika, ichambue. Kauli moja inaweza kubeba mambo manne, na kila moja lina dawa yake.

Kuna taarifa. Hii husahihishwa tu: unatoa iliyo sahihi na kusema umeipata wapi. Mjumbe wa chama chetu aliwahi kuwatangazia wanachama kiasi cha malipo ya pili ya kahawa ambacho hakikuwa sahihi. Alirudi jioni ileile na karatasi ya mauzo, akasoma tarakimu mpya, watu wakaguna kidogo, yakaisha. Hakuhitaji kupiga magoti.

Kuna maoni. Haya hubadilishwa, na anayeyabadilisha anadaiwa sababu.

Kuna ahadi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ahadi haifutwi na aliyeitoa peke yake. Aliyeahidiwa ana sehemu yake ndani yake, kwa hiyo unamwendea mkazungumza kama watu wawili wenye mali ya pamoja.

Mwisho kuna tusi. Tusi huombewa radhi, bila maelezo yoyote ya ziada.

Kauli yangu ilikuwa na taarifa ya uongo ("wana vihamba kwa waume zao," wakati dada alikwisha kufiwa na mume na kurudishwa nyumbani na wakwe zake), ilikuwa na maoni juu ya urithi, na ilikuwa na tusi ndani ya yale maneno "hata mgomba mmoja." Mdogo wangu naye aliisikia kama ahadi, jambo nililolijua kwa kuchelewa. Ningesimama na kusema tu kwamba nimebadili mawazo, ningetibu kidonda kimoja na kuacha vitatu.

Hatua ya 2: Jua kinachokurudisha

Kabla hujamwambia mtu yeyote, jiulize kwa nini unataka kurudi nyuma. Je, umepata ukweli ambao hukuwa nao, au umechoshwa na lawama? Kama wote waliokukasirikia wangenyamaza kesho asubuhi, je, bado ungeona ulikosea? Kama jibu ni hapana, subiri. Kauli inayofutwa kwa woga hurudi tena woga ukiisha, na mara ya pili hutaaminiwa na upande wowote.

Jirani zetu wa Arusha wameliona hili mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilisikiliza kesi zake Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Shahidi mmoja, ambaye kwa usalama wake alijulikana kwa herufi GAA tu, alitoa ushahidi, kisha akaja kuukana, na baadaye akakiri kwamba kule kukana ndiko kulikokuwa uongo. Mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha miezi 9. Mtu akigeuza maneno, anayesikiliza kwa makini hutaka kujua amezungumza na nani katikati na amepata nini. Jiulize maswali hayo mwenyewe kabla hujaulizwa.

Kwangu mimi mambo mawili yalinigeuza. La kwanza lilikuwa mama. Alilala kitandani zaidi ya miaka miwili, na dada ndiye aliyemgeuza usiku kila baada ya saa chache, akakata majani ya ng'ombe, akapalilia migomba ile ile niliyosema haimhusu. Nilikuwa nikija mwisho wa mwezi na mfuko wa sukari na mchele. Siku tuliyomzika mama nilitazama shamba nikaona kila kilichokuwa hai mle ndani kilikuwa hai kwa mikono ya mtu niliyemwambia hana chake.

La pili lilikuwa sheria, ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kufungua mdomo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Na hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, ilikuwa imeamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama anavyoweza mwanaume. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa jambo ambalo sheria ya nchi ililikataa zamani.

Ziandike sababu zako chini ya ile kauli, kwenye karatasi ileile. Ukikosa hata moja unayoweza kuitaja mbele ya watu bila kuona aibu, hujawa tayari.

Hatua ya 3: Tafuta waliolitegemea neno lako

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo watu huiruka. Neno ulilolitoa halikukaa hewani. Kuna mtu alilipokea, akaenda akafanya jambo.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alitoka kwenye kile kikao akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya chini ya kihamba, kandokando ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Akang'oa migomba iliyozeeka akapanda miche 120 ya kahawa. Hakuiba wala hakudanganya, alimsikia kaka yake akisema mabinti hawagusi kihamba, akaona ile sehemu haina mwenyewe. Mche wa kahawa huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu hivi. Mwaka niliotaka kufuta kauli ndio mwaka aliotarajia kuchuma kwa mara ya kwanza. Sehemu hiyo ndiyo iliyomfaa dada.

Kwa hiyo unapotaka kurudi nyuma, tengeneza orodha ya majina. Nani alinunua, alipanda, alikopa, aliacha kazi, aligombana na mkewe au alikataa posa kwa sababu ya kauli yako? Mtaje kila mmoja, na kando ya jina andika alichokiweka.

Hata mataifa hayaruhusiwi kuondoka kwenye neno lao kwa mkupuo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, na nchi inaweza kutoa tamko la kuwaruhusu wananchi na asasi kufungua kesi huko moja kwa moja. Rwanda ilipoondoa tamko lake mwaka 2016, Mahakama iliamua kwamba nchi ina haki ya kujiondoa, lakini kujiondoa huko kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja, na hakugusi kesi zilizokwisha kufunguliwa. Tanzania nayo ilitoa notisi ya namna hiyo Novemba 2019, na notisi ikaanza kutumika Novemba 2020. Una lako la kujifunza hapo, hata kama jambo lako ni la kikundi cha watu 15 pale Majengo. Unaweza kurudi nyuma, ila aliyekwisha kuingia mlangoni kwa neno lako usimfungie nje. Mpe muda.

Ikiwa ni jambo la biashara, angalia mapema kama kuna mtu alikwisha kukubali. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, unaweza kuondoa pendekezo lako kabla mwenzako hajakamilisha kukujulisha kwamba amelikubali. Baada ya hapo umeingia kwenye mkataba, na unahitaji mwanasheria kuliko unavyohitaji mwongozo huu.

Hatua ya 4: Pita nyumbani kabla ya kwenda uani

Usimfanye mtu uliyemuumiza asikie mabadiliko yako kwa mara ya kwanza pamoja na umati. Atalazimika kukusamehe kwa sababu watu wanamtazama, na huo hautakuwa msamaha. Mwendee kwanza, peke yako.

Sisi Wachagga tumeachiwa jani la sale kwa kazi hii. Masale ndiyo yanayopandwa kuzunguka kihamba kuonyesha mpaka, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha na amani. Kwa desturi, anayepokea sale haruhusiwi kulipuuza. Nimesikia vijana wakisema hayo ni ya kale. Sikubaliani nao. Jani linamfanya anayeomba asiwe na maneno mengi, kwa sababu maneno makubwa tayari yako mkononi.

Nilikwenda kwa dada saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoka kukata majani. Nilimpa sale kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Nilisema huna hata mgomba mmoja hapa. Nilikutukana, na nilisema uongo. Nisamehe." Alilishika muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kaka, utayasema haya mbele ya wale uliowaambia yale?" Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuja nikidhani asubuhi ile ingetosha. Kwa swali lake nilijua kwamba njia ya kurudi ni ile ile niliyojia, yote, mpaka mahali nilipoanzia.

Ziara ya pili ni kwa wale waliokuunga mkono. Hawa husahaulika kabisa, na ndio wanaogeuka wakali. Waliposimama nawe walijitia kwenye lawama kwa ajili yako, na sasa unawaacha kwenye mataa. Waeleze kabla, mmoja mmoja, uwape sababu zilezile utakazozitoa hadharani. Usiwaombe wabadilike pamoja nawe. Waambie, "Mimi nimeona nilikosea. Ninyi mna haki ya kubaki na mnachokiamini, ila sitaki mlisikie hili kwa mara ya kwanza kikaoni."

Kwa mdogo wangu nilikwenda jioni ya siku iliyofuata, na sitasema yalikuwa mazungumzo mazuri. Alinionyesha miche yake mstari kwa mstari. Nilikaa kimya akanionyesha yote 120, na hilo la kukaa kimya nalipendekeza kwako pia. Mtu aliyepata hasara kwa neno lako ana haki ya kukuhesabia.

Hatua ya 5: Tengeneza sentensi yenyewe

Bungeni Spika humwambia mbunge afute kauli, na mbunge husimama akasema "nafuta kauli," basi. Pale panatosha kwa sababu kuna kanuni na kuna kumbukumbu rasmi. Kwenye ukoo, kazini au kikundini unahitaji zaidi kidogo, ingawa si hotuba. Sentensi nne au tano zinatosha, na mpangilio wake uwe huu: nilichosema, kwamba si sahihi, kwa nini sasa naona hivyo, msimamo wangu wa leo, na nitakachofanya.

Hivi ndivyo nilivyosema mimi: "Kwenye kikao cha Desemba, miaka mitatu iliyopita, nilisema mabinti hawana hata mgomba mmoja kwenye kihamba hiki. Nafuta kauli hiyo. Haikuwa kweli, haikuwa halali, na ilimdhalilisha dada yangu mbele yenu. Msimamo wangu ni kwamba dada ana fungu lake sawa na sisi, na naomba katibu aandike hivyo. Mdogo wetu alipanda kahawa kwa kulitegemea neno langu, na hasara yake ni juu yangu."

Sasa chunga maneno yanayoharibu. "Kama kuna mtu aliumia" ni mabaya kuliko kunyamaza, maana unajua nani aliumia na yuko mbele yako. "Yalisemwa mambo" yanaficha msemaji, na msemaji ni wewe. "Sikueleweka" inawahamishia kosa wasikilizaji. "Nilikuwa natania" inamfanya aliyeumia aonekane hajui mzaha. "Nafuta kauli, lakini..." inafuta ule ufutaji. Ukijikuta umefika kwenye "lakini," nyamaza na ukae.

Jambo jingine ni kiasi. Kama unarudi nyuma kwenye sehemu tu ya ulichosema, taja mpaka wake waziwazi. Mwanachama mwenzetu alipinga kwa ukali chama kupeleka kahawa yote mnadani hapa Moshi, na katika ukali huo akasema katibu anakula na wanunuzi. Baadaye aliona hakuwa na ushahidi wowote juu ya katibu, lakini bado aliamini kwamba sehemu ya kahawa ingepata bei nzuri zaidi kwa mnunuzi wa moja kwa moja. Alifanya vizuri sana: "Nafuta nilichosema juu ya katibu, chote, na namwomba radhi. Hoja yangu ya bei bado ninayo, na nitaileta siku nyingine." Siku ile hakuigusa bei tena. Angeigusa, radhi ile ingeonekana kama daraja la kupitishia hoja.

Hatua ya 6: Mahali palepale, watu walewale

Kauli iliyotolewa uani haifutwi chumbani. Chagua kikao kinacholingana na kile cha kwanza kwa ukubwa na kwa watu. Sisi huku tuna bahati ya Desemba, mabasi yanapopanda kutoka Dar es Salaam yamejaa na karibu kila mtu anakuwa nyumbani. Nilingoja mwezi mmoja na nusu ili nisiseme mbele ya nusu ya ukoo. Kungoja huko kulikuwa na maana kwa sababu dada alijua tarehe. Kungoja bila kumwambia aliyeumia ni kumtesa.

Omba nafasi kwa mwenyekiti mapema, uwekwe mwanzoni mwa ajenda, kabla ya mbege na nyama. Simama, kwa kuwa mara ya kwanza ulisimama. Ongea kwa sauti ileile. Hakikisha imeingia kwenye muhtasari, na kabla ya kuondoka mwombe katibu akusomee alichoandika.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, nitasema machache. Una dakika 15 za kuhariri ujumbe, na kama umekosea namba au jina zitumie. Kwa jambo zito, kufuta ujumbe hakufuti kauli: wenzako wamekwisha kupiga picha ya skrini, na ile alama kwamba ujumbe umefutwa inawaita hata wale ambao hawakuusoma. Acha ujumbe wa kwanza ulipo, ujibu wewe mwenyewe juu yake, ili anayesoma moja asome na la pili. Kama ulituma kwenye makundi matatu, rudi kwenye matatu yote. Usitume sauti ya dakika saba. Andika.

Hatua ya 7: Lipa

Rudi kwenye ile orodha ya hatua ya tatu. Kila jina lina deni, na deni hulipwa na mwenye kauli. Usilihamishie kwa yule unayemtetea sasa.

Nusura nikosee hapa. Wazo langu la kwanza lilikuwa dada apewe sehemu ya juu, yenye mawe, ili kahawa ya mdogo isiguswe. Yaani dada alipe gharama ya mdomo wangu mara ya pili. Baba mkubwa ndiye aliyenizuia. Tulichokubaliana mwishoni ni hiki: sehemu ya chini ni ya dada, mdogo achume ile kahawa kwa misimu mitatu, aondoe gharama zake, na mavuno yanayobaki wagawane nusu kwa nusu, mimi nimrudishie fedha ya miche na vibarua, na nimwachie kipande kwenye fungu langu apande upya. Tuliandika, tukaweka sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Nililipa kwa awamu, na nilimaliza.

Kisha tukapanda masale kwenye mpaka mpya. Unakata vipande vya shina, unavichomeka ardhini masika yakianza, na vinashika vyenyewe bila matunzo makubwa.

Pale ambapo hasara haihesabiki kwa fedha, kama heshima ya mtu au urafiki uliovunjika, muulize mwenyewe anachotaka. Mara nyingi huomba kidogo kuliko ulivyoogopa: kwamba uje kwenye harusi ya mwanawe, kwamba umwambie bosi fulani ukweli. Fanya hicho alichoomba. Usibuni chako kikubwa zaidi.

Hatua ya 8: Vumilia kuitwa kigeugeu

Utaitwa. Kigeugeu, mtu asiye na msimamo, umetishwa na wanawake, umenunuliwa. Mimi niliyasikia yote haya kabla ya Mwaka Mpya.

Nilichokishika wakati huo ni habari ambayo kila mtu wa Moshi anaijua kwa upande mmoja. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933, kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine nchini mwaka 1976, chini ya serikali ya Mwalimu Nyerere. Wakulima wa kahawa waliumia. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria mpya iliyorudisha ushirika, na KNCU ikaanza tena mwaka 1984. Upande unaosahauliwa ni huu: mwaka huohuo wa 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema kwenye mahojiano kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Aliyataja mawili kwa majina. Urekebishaji ulikuwa umetangulia maneno, na Azimio la Arusha la 1967 aliendelea kulitetea mpaka mwisho wa maisha yake. Sijawahi kumsikia mzee yeyote hapa Moshi akimwita kigeugeu kwa hilo.

Kigeugeu ni yule anayebadilika kulingana na aliyekaa mbele yake. Wewe utapimwa kwa kusema kitu kilekile kwa kila mtu, mwezi baada ya mwezi, bila kupunguza kwa wanaokucheka wala kuongeza kwa wanaokusifu. Kwa hiyo ukiulizwa sokoni Mbuyuni, kanisani au kwenye daladala, jibu kwa maneno yale yale mafupi ya siku ya kikao, kisha endelea na safari yako.

Epuka pia kukimbilia upande wa pili kwa kishindo. Aliyegeuka jana akaanza leo kuwakemea wote wanaoshikilia alichokishikilia yeye juzi hupoteza masikio ya watu haraka sana. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kumfundisha mtu yeyote habari za urithi wa mabinti. Aliyekuja kuniuliza nilimweleza. Wawili walikuja.

Na wapo watakaokataa. Baba mdogo alitoka kikaoni siku ile kabla sijamaliza sentensi ya tatu, akaacha kofia yake kwenye benchi. Nilimpelekea kofia kesho yake, akaipokea dirishani. Pasaka nilikwenda tena, akanikaribisha hadi barazani, tukazungumza habari za mvua na za ng'ombe wake aliyekuwa na mimba. Hakulitaja jambo lile, nami sikulitaja. Ng'ombe alizaa Juni, na nimeambiwa ndama ni jike. Jumapili baada ya ibada nitapita kumtazama.